Uzoefu wangu na pinde mbili za jadi: rikavu na upinde mrefu

Nimekuwa nikitumia pinde mbili kwa kupokezana, kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake: rikavu ya vipande vitatu yenye urefu wa inchi 62 na nguvu ya kuvuta ya ratili 35, na upinde mrefu wa kipande kimoja wenye inchi 68 na ratili 40. Zote mbili nazipiga bila kilengeo, bila vizito vya kutuliza mtikisiko na bila kapi, na katika kila mmoja mshale hulala juu ya rafu ndogo iliyochongwa kwenye mpini. Wanaotaka kuanza huniuliza upi kati ya hizi mbili ununuliwe kwanza. Jibu langu huegemea mkono wa mpigaji na mishale yake zaidi kuliko kasi, ingawa kasi ndiyo hutangulia katika kila mazungumzo ya pinde.

Kwa asiyezifahamu, rikavu ni upinde ambao ncha za mabawa yake (sehemu mbili zinazokunjika, juu na chini ya mpini) zimepinda kuelekea mbele, mbali na mpigaji, hata uzi ukishatiwa hulalia sehemu ya bawa kabla ya kufika nchani. Unapovuta, uzi huinuka taratibu kutoka kwenye bawa, mikunjo ile hufunguka, na upinde huhifadhi nishati nyingi bila kuwa mgumu kupita kiasi mwishoni mwa mvuto. Wapiganaji wa farasi wa Asia walitengeneza pinde za umbo hilo kwa mbao, pembe na kano za wanyama, kwa kuwa juu ya farasi upinde mfupi wenye nguvu ndio uliofaa. Upinde mrefu hauna mikunjo hiyo. Uzi wake hugusa ncha peke yake, na nguvu yake hutokana na urefu na unene wa mabawa. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikuwa na pinde za aina hii zaidi ya 130, nyingi zikikadiriwa kuhitaji nguvu ya ratili 100 na kuendelea. Mtu wa leo asizichukue pinde hizo kuwa kipimo chake, kwa maana waliozivuta walizoezwa tangu utotoni.

Wengi pia huichanganya rikavu ya jadi na ile inayoonekana katika michezo ya Olimpiki, ambako imetumika tangu mwaka 1972. Umbo la mabawa ni lile lile, lakini ile ya Olimpiki hubeba kilengeo, fimbo za kutuliza na kidude kinachotoa mlio mvuto unapokamilika. Ukiviondoa vyote hivyo unabaki na upinde ninaouzungumzia hapa.

Kuhusu nguvu, tarakimu iliyoandikwa kwenye upinde hupimwa kwa mvuto (umbali kati ya mpini na uzi uliovutwa hadi mwisho) wa inchi 28, na kila inchi inayopungua au kuongezeka hubadilisha nguvu kwa ratili 2 hadi 3 hivi. Mvuto wangu ni inchi 27, kwa hiyo upinde mrefu wa ratili 40 hunipa mkononi kama 37, na rikavu ya 35 hunipa kama 33. Anayeanza ahesabu hivyo kabla hajalipa, hasa kama ana mikono mirefu, kwa sababu upinde wa 40 katika mvuto wa inchi 30 unaweza kufika 45 na kumharibia mwendo wake wote. Ratili 25 hadi 35 zinawatosha watu wazima wengi wakati bado wanajifunza kutulia.

Tofauti kubwa niliyoikuta iko kwenye kiganja. Mpini wa rikavu yangu una mbonyeo mkubwa unaokaa kati ya kidole gumba na cha shahada, na hauachi mjadala wowote kuhusu mahali pa kushika. Ukiuinua macho yakiwa yamefumbwa, mkono hurudi pale pale. Uzito wake, ambao unapita kilo moja bila shida, huufanya utulie mbele yangu ninapolenga, na mshale ukiondoka mpini humeza sehemu kubwa ya mtikisiko. Upinde mrefu una mpini mwembamba ulionyooka wenye kibonyeo kidogo tu. Ili uende vizuri nalazimika kuushika chini kwa kisigino cha kiganja, kama mtu aliyeshika mpini wa ndoo, isipokuwa mkono umenyooshwa mbele. Nikibadilisha shinikizo hilo kidogo tu, mshale hupanda au kushuka, na kosa hilo huonekana waziwazi nikisimama mita 20 kutoka kwenye shabaha.

Halafu kuna mshtuko. Nishati ambayo mshale haukuichukua hubaki katika mabawa, na katika upinde mwepesi haina pengine pa kwenda ila mkononi. Upinde wangu mrefu haufiki kilo moja, na nikiupiga kwa mishale myepesi nausikia mtetemo ukipanda kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Hapa sikubaliani na wanaosema kwamba mshtuko ni sehemu ya utamu wa upinde mrefu. Mshtuko ni mshtuko, na kiwiko hakina habari na historia. Tiba niliyoiona ikifanya kazi ni mishale mizito zaidi pamoja na kutoubana mpini wakati wa kuachia. Mabawa yaliyopindwa kwa upole nyuma karibu na mpini kisha mbele kuelekea nchani, kama yalivyo katika pinde ndefu nyingi za kisasa, nayo hupunguza mtikisiko kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na umbo la kale lililonyooka.

Katika jambo moja upinde mrefu unasamehe zaidi. Mabawa ya rikavu ni mapana na membamba, hivyo mkono ukisokota mpini kidogo wakati wa kuachia, mabawa huufuata msokoto huo na mshale hukimbilia pembeni. Mabawa ya upinde mrefu ni membamba kwa upana lakini yana unene, na hayasokoteki kwa urahisi. Siku ambayo mabega yamechoka, mishale yangu ya upinde mrefu hutawanyika kwenda juu na chini, ilhali ile ya rikavu hutawanyika kulia na kushoto.

Mishale ndiyo iliyodai umakini kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo ambayo muuzaji wa upinde huitaja mwisho. Katika rikavu, mpini umekatwa ndani hadi kwenye mstari wa kati au kuupita, kwa hiyo mshale hutoka ukiwa karibu sawa na mwelekeo wa uzi. Katika upinde mrefu mkato ni wa kina kifupi. Mshale unapolala kwenye rafu huelekea kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia, uzi nao huusukuma kuelekea katikati, na matokeo yake mshale hujikunja, huuzunguka mpini, kisha hujinyoosha ukiwa tayari hewani. Usipokunjika vya kutosha hugonga ubavu wa mpini na kwenda kando. Ndiyo maana, kwa nguvu ile ile ya ratili, upinde mrefu kwa kawaida huhitaji mshale laini kuliko rikavu, na orodha za ugumu zilizotengenezwa kwa pinde za kisasa humpotosha anayezifuata bila kujaribu.

Njia ninayoiamini ni kupiga mshale usio na manyoya kutoka karibu, mita 10 hadi 15, na kutazama unapoingia ukilinganishwa na wenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mgumu mno huingia kushoto, na ulio laini mno huingia kulia. Kichwa kizito zaidi huufanya mshale utende kama laini, na kuukata ufupi huufanya uwe mgumu. Kwa hiyo heri kununua fito (miti ya mishale) ndefu na kuzipunguza kidogo kidogo, maana fito iliyokatwa haiungwi. Fito za kaboni hulingana zenyewe kwa zenyewe na hufaa kwa majaribio haya, ilhali za mbao zinapaswa kuchambuliwa moja moja kwa uzito na ugumu kabla ya kuitwa seti. Kwa uzito, nafuata kanuni ya greni (kipimo kidogo cha uzito; ratili moja ni greni 7,000) 9 hadi 10 kwa kila ratili ya nguvu iliyopo mkononi, ambayo kwa upinde wangu mrefu ni mshale wa greni 350 hivi. Manyoya yawe ya ndege na si ya plastiki, kwa sababu mshale unaopita juu ya rafu lazima manyoya yake yalale yanapogusa. Plastiki hugonga na kuurusha mkia wa mshale.

Vidole navyo vina la kusema. Kadiri upinde unavyokuwa mfupi, ndivyo pembe ya uzi inavyokuwa kali mvuto ukikamilika, na uzi hubana vidole. Kwa mvuto wangu rikavu ya inchi 62 hainibani, lakini mwenye mvuto wa inchi 30 akichukua rikavu ya inchi 58 atausikia mbano huo kwenye kidole cha chini, na mara nyingi ataanza kuachia kabla ya wakati bila kujua sababu. Upinde mrefu wa inchi 68 una pembe pana na ni mpole kwa vidole, ingawa mvuto wake hukaza kwa mfululizo hadi mwisho na hauna ule ulaini wa rikavu.

Kasi naipitia kwa haraka. Kwa nguvu sawa na mshale ule ule, rikavu kwa kawaida hurusha kwa kasi zaidi, lakini tofauti si ya kubadilisha maisha ya mtu anayelenga umbali wa kawaida. Inachobadilisha ni macho: kwa kuwa mshale wa upinde mrefu huenda polepole na kwa kujipinda zaidi, ule umbali ambao ncha ya mshale ikiwekwa juu ya shabaha mshale huingia hapo hapo huwa mfupi kuliko wa rikavu. Anayezibadilisha pinde katika wiki moja, kama mimi, hulazimika kuzijenga upya hesabu zake kila mara, na kwa anayeanza sioni faida ya kujipa mzigo huo.

Kelele pia zinatofautiana. Uzi wa rikavu hurudi na kuyapiga mabawa, nao hutoa mlio mkavu unaohitaji vishada vya sufu au manyoya kwenye uzi ili upungue. Upinde mrefu hutoa sauti nzito na fupi. Katika pinde zote mbili, umbali kati ya uzi na mpini unabadilisha sauti hiyo: kwa rikavu yangu inchi 8 hivi, kwa upinde mrefu karibu 6 na nusu, na urekebishaji hufanywa kwa kuusokota uzi au kuufungua mizunguko michache.

Katika utunzaji, rikavu ndiyo inayohitaji nidhamu zaidi. Uzi utiwe kwa kamba maalumu ya kutilia uzi, kwa sababu kuupitisha upinde katikati ya miguu na kuukunja kwa paja kunaweza kuyasokota mabawa moja kwa moja. Upinde mrefu hutiwa uzi kwa kusukuma na kuvuta kwa mikono, ingawa kamba hiyo huufaa pia. Wenye mabawa ya mbao tupu usiachwe na uzi baada ya kazi, kwani mbao hushika mkunjo na kupoteza nguvu. Wenye tabaka za faibaglasi huvumilia zaidi. Hakuna upinde wowote uachwe ndani ya gari lililofungwa juani, wala kuachiwa uzi ukiwa hauna mshale.

Kwa hiyo, ningeshauri nini? Ambaye hajajua atatulia kwenye ratili ngapi achukue rikavu ya vipande vitatu yenye mabawa ya ratili 25 au 30, kwa sababu misuli ikikomaa atanunua mabawa mengine na kubaki na mpini ule ule uliozoeleka na kiganja chake. Aliyekwisha kupata mvuto thabiti, anayependa kutembea msituni kutoka shabaha moja hadi nyingine, na asiyechoshwa na kuchambua mishale, achukue upinde mrefu. Ndio ninaotoka nao mara nyingi zaidi, kwa wepesi wake na kwa jinsi unavyonikatalia uvivu wa kiganja. Anayewaza mashindano atazame kanuni kabla ya kununua, maana katika kundi la upinde mrefu la World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, mishale lazima iwe ya mbao na yenye manyoya ya asili, na gharama na muda wa kuiandaa uhesabiwe pamoja na bei ya upinde.

Ukinunua uliotumika, tia uzi kisha utazame upinde kutoka nchani: uzi upite katikati ya mabawa yote mawili, na bawa lililosokotwa litajionyesha hapo hapo. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za mabawa ukitafuta tabaka zilizoanza kuachana, na uliza uzi uliotumika ni wa aina gani. Rikavu au upinde mrefu wa zamani ambao ncha zake hazikuimarishwa utiwe uzi wa Dacron, ambao hunyumbuka kidogo, kwa sababu nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kuzipasua.