Kikohozi kilichobaki baada ya mafua: antibiotiki au asali?

Homa imeshuka, makamasi yamekauka, lakini kikohozi kikavu kimeng'ang'ania. Wengi hukimbilia antibiotiki. Dawa hizo huua bakteria. Kirusi haziwezi kukigusa. Tena kufikia hapo, mara nyingi hata kirusi chenyewe kimeshaondoka. Kilichobaki ni njia ya hewa iliyochubuka, inayoshtuka kwa moshi, hewa baridi, hata kicheko. Hakuna cha kuua hapo. Utaambulia tumbo la kuharisha, na bakteria sugu watapata nafasi.

Asali nayo haiponyi. Ila kijiko kimoja kabla ya kulala hulainisha koo, na aliyekesha akikohoa anajua thamani ya saa chache za usingizi. (Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kamwe: inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.) Subira ya kikohozi hiki ni wiki 3 hadi 8.

Mimi ningechagua asali. Lakini ukiona damu kwenye makohozi, pumzi inabana, homa imerudi, jasho la usiku au uzito unapungua, kapimwe mara moja. Huenda ni nimonia au kifua kikuu, na huko antibiotiki sahihi huokoa maisha.