Free Jazz ya Ornette Coleman: usiisikilize kwa spika moja

Nimeijaribu albamu hii hapa Mbeya kwa spika ya bluetooth, kwa sabufa na kwa hedifoni za waya. Kwenye bluetooth sikuambulia kitu, na kosa si la Coleman.

Ilirekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960. Ni bendi mbili za watu wannewanne zinazopiga kwa pamoja. Kwenye spika ya kushoto yupo Coleman na saksafoni alto, Don Cherry na tarumbeta ndogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye dramu. Kwenye ya kulia ni Eric Dolphy na klarineti besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden besi, Ed Blackwell dramu. Hakuna gitaa wala piano, kwa hiyo anayesikia neno jazz akawaza Morogoro Jazz asitegemee kucheza. Spika moja inawarundika wote wanane: dramu mbili zinageuka mvua ya Tukuyu juu ya bati.

Kwenye sabufa, waya mwekundu ni kulia, mweupe kushoto. Mmoja ukilegea unapoteza watu wanne na huenda usigundue, maana waliobaki hawasimami. Kipimo changu ni Dolphy. Baada ya zogo la mwanzo yeye ndiye wa kwanza kuachiwa uwanja, na klarineti yake nzito lazima isikike kulia. Ikitokea kushoto, badilishanisha nyaya hizo mbili. Ikiwa katikati, zima sauti ya mono (inayochanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja) kwenye mipangilio ya simu.

Hata hivyo sabufa ina kasoro isiyorekebishika: boksi la besi ni moja, linameza pande zote mbili. Utamu wa Haden na LaFaro unapotelea humo. Kwa hedifoni, zamu yao ikifika baada ya wapulizaji, unamsikia Haden kulia akikaa chini na noti chache nzito, LaFaro kushoto akipanda juu, vidole mbio. Dakika hizo nimezirudia kuliko zamu ndefu ya Coleman mwenyewe.

Ni wimbo mmoja wa dakika 37. Ukipakua kwa ubora wa 320 kbps, tenga kama MB 89 za bando. Ikija vipande viwili, imetokana na santuri, ambayo ilibidi igeuzwe katikati.

Nyota nne. Ya tano ameniondolea Hubbard: anapiga vizuri, ila kama mtu aliyeingia bendi isiyo yake.