Kozi ya kupandikiza viinitete vya nyati India: nyota tatu na nusu, nawaambia kwa nini

Nimerudi kutoka India na inboksi imefurika maswali yenu kuhusu kozi niliyosoma kule, kwa hiyo naandika mara moja hapa wote msome. Kozi ni ya kupandikiza viinitete, yaani kuchukua mimba changa za siku chache kutoka kwa jike mmoja na kuziweka kwa mwingine, kwa nyati wa maziwa, wale weusi wa kufugwa aina ya Murrah wenye pembe zilizojiviringa, sio mbogo wa Serengeti jamani. Kituo ni cha binafsi, kipo kaskazini mwa India, jina nalihifadhi maana kuna hela tunadaiana na bado tunaandikiana. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningekuwa napima tangazo lao peke yake ningewapa moja, ningekuwa nampima yule mama daktari aliyetufundisha mambo ya wapokeaji, wale nyati wanaowekewa viinitete, ningempa tano na chenji asirudishe.

Tuanze na tangazo maana ndo lilinivuta. Wanajisifu kwamba zaidi ya nusu ya nyati wanaopandikizwa pale wanashika mimba. Sisi wahamilishaji wa ng'ombe, tunaowapandisha kwa mbegu za mrija, tunaona kawaida tu, kiinitete kibichi kizuri kwa ng'ombe kinaweza kukufikisha hapo. Ila ukishakaa na nyati unaanza kujiuliza, nusu ya nini? Daftari lao lilikuwa mezani wazi, nikapekua, nikakuta mimba inapimwa kwa altrasaundi siku ya 30, ikionekana inaandikwa chanya na inaingia kwenye tangazo, habari imeisha. Sasa kwa nyati kuanzia siku ya 25 mpaka 45 hivi ndo kipindi cha balaa, mimba zinapotea kimya kimya, huoni damu huoni chochote, hasa zile zilizoingia msimu ambao mchana unarefuka, progesteroni, homoni inayotunza mimba, inakuwa chini na kiinitete kinakosa cha kukishikilia. Waitaliano wa Campania wanaofuga nyati kwa ajili ya mozzarella wanalijua hili vizuri, soko lao linataka maziwa mengi kipindi cha joto kwa hiyo inabidi wapandishe nyati nje ya msimu wao wa asili, na hapo ndo mimba zinawaponyoka.

Halafu kuna ujanja mwingine. Nyati mpokeaji akiandaliwa kwa sindano, siku ya kupandikiza wakimpima wakaona ovari yake haijakaa sawa wanamtoa kwenye foleni. Kumtoa ni sahihi kabisa, hata mimi namtoa. Lakini yule aliyetolewa ameshakula homoni na majani na hela ya mtu, na kwenye hesabu yao hayupo. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia ya mimba muulize mtu, wapokeaji walioandaliwa ni wangapi, mimba imepimwa siku ya ngapi, na ndama wangapi wamesimama kwa miguu yao. Hilo la mwisho linataka subira, nyati anabeba siku 310 hivi, karibu mwezi mzima zaidi ya ng'ombe.

Upande wa mtoaji, yule nyati anayetolewa viinitete, ndo utajua kwa nini hawa wanyama wanawanyima watu usingizi. Ovari ya nyati ni ndogo, na akiba ya mayai aliyozaliwa nayo ni ndogo pia, wanazungumzia vijifuko 10,000 mpaka 19,000 wakati ng'ombe ana kama 150,000. Unamchoma FSH, homoni ya kukuza mayai, asubuhi na jioni siku nne mfululizo dozi ikishuka, unamaliza na prostaglandini, homoni ya kumfanya atake dume, unahamilisha, unasubiri, halafu unasafisha mji wa mimba unapata viinitete viwili vizuri, siku nyingine kimoja, siku nyingine maji matupu. Ng'ombe kwa dawa hizo hizo angekupa vitano sita. Na kiinitete cha nyati kina haraka, kwa ng'ombe tunasafisha siku ya 7 bila wasiwasi, kwa nyati siku ya 7 kingine kimeshatoka kwenye ganda lake, ndo maana wale wanasafisha siku ya 6 au hata kabla kidogo.

Kazi ya kusafisha wanaifundisha vizuri, hapo sina neno. Ganzi kwenye shina la mkia, katheta yenye puto inapitishwa mlango wa kizazi, puto linajazwa hewa lizibe, maji ya vuguvugu yanaingia kidogo kidogo kwenye pembe moja ya mji wa mimba huku mkono mwingine ndani unakanda taratibu, yanatoka yanapita kwenye chujio. Kinachobaki kwenye chujio unamimina kwenye sahani yenye mistari miraba miraba, unakwenda kwenye hadubini unapita mraba kwa mraba. Unachotafuta kina upana kama wa sehemu moja ya tano ya milimita. Kaka mmoja Mkenya tuliyekuwa naye alipita sahani nzima akasema hamna kitu, daktari akakaa, akaipita tena, akakiona pembeni kabisa ya sahani kimejibanza chini ya kipande cha ute. Cheusi, maana viinitete vya nyati vimejaa mafuta, na hayo mafuta ndo yanaleta shida kwenye kugandisha pia. Toka siku hiyo kila sahani ilipitiwa na watu wawili.

Sasa wapokeaji. Hapa ndo hela yangu ilipopata thamani na nasema wazi, mimba ya kiinitete inashika au haishiki kwa sababu ya mpokeaji kuliko sababu nyingine yoyote, na vijana wengi tunaokimbilia mashine na maabara tumelisahau. Kwa ng'ombe ukiingiza mkono luteamu, kile kivimbe kinachobaki yai likitoka na kutoa progesteroni, inachomoza juu ya ovari, unaigusa unasema ipo kulia, unapandikiza kulia. Kwa nyati luteamu ni ndogo na imezama ndani ya ovari, vidole vinakudanganya. Yule mama alitupanga, kila mtu ashike kwanza, aseme upande gani, ndipo yeye anaweka kichwa cha altrasaundi. Tulikuwa tunabishana pale nyuma ya nyati, huyu anasema kushoto yule kulia, mzee mmoja wa Uganda mwenye uzoefu wa kufa mtu kwenye ng'ombe akasema kwa uhakika kushoto, skrini ikaonyesha kulia. Ukipandikiza upande usio na luteamu umetupa kiinitete. Mama akacheka akamwambia mzee, usijali baba, mimi mwenyewe bila hii mashine siamini mkono wangu.

Lingine ni joto, lile la kutaka dume. Nyati anaingia joto kimya, hapandi wenzake kama ng'ombe, hapigi kelele sana, na dalili nyingi zinatokea usiku au alfajiri. Wao wanatumia dume lililofungwa mirija ya mbegu, linapitishwa bandani kabla jua halijatoka, mchungaji na tochi yake anaangalia linasimama kwa nani na anaandika saa. Ile saa ndo kila kitu, mtoaji na mpokeaji wasipishane zaidi ya siku moja, wakipishana mji wa mimba unakuwa haujajiandaa kwa umri wa kiinitete ulichoweka. Nilitamani kozi nzima iwe ya hivi vitu.

Kupandikiza kwenyewe ni kwa haraka na kwa upole. Mrija mdogo wa robo mililita, maji, hewa, maji yenye kiinitete, hewa, maji tena, unaingia kwenye bunduki ya kupandikizia, bunduki kwenye ala safi, mlango wa kizazi wa nyati ni mwembamba na una kona kuliko wa ng'ombe kwa hiyo ukitumia nguvu unakwaruza, na ukikwaruza ukuta unaachia prostaglandini yake na luteamu inaanza kufa. Yaani umemtoa mimba mwenyewe dakika ile ile ya kumpa.

Malalamiko yangu haya hapa. Nyati wa mazoezi walikuwa wachache na sisi tulikuwa wengi, zamu ikikufikia mnyama ameshachoka na wewe umeshachoka, wengine waliishia kupandikiza kwenye viungo vilivyoletwa kutoka machinjioni. Kugandisha viinitete kulikuwemo kwenye ratiba kwa vitendo, tukaonyeshwa tu kwa mbali na video juu. Kutoa mayai kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi tukaambiwa mashine imepelekwa matengenezo, na hiyo ndo hela ninayodai, maana ililipiwa kama kipengele chake. Bweni baridi, na msimu huu kule kuna ukungu ambao hauoni hata mtu aliye mbele yako. Chakula dengu na chapati, dengu na chapati, ila chai! Maziwa ya Murrah mafuta yake ni asilimia 7 na zaidi, chai ya pale ikipoa kidogo inashika utando wa malai juu, hiyo sitasahau.

Nadharia walifundisha kwa slaidi za zamani lakini niliipenda sehemu ya historia. Ndama wa kwanza wa nyati kwa kupandikiza kiinitete alizaliwa Marekani, 1983, sio Asia. India wakaingia kwa kishindo, taasisi ya utafiti wa maziwa, NDRI, ya mjini Karnal ikapata ndama wa nyati wa kwanza duniani wa kutungishwa maabara mwaka 1990, wakamwita Pratham, na 2009 wakatoa nyati wa kloni, yaani nakala ya nyati mwingine, Garima. Wanajivuna nalo na wana haki, ila mfugaji wa kijijini mwenye nyati wawili bado anangoja bei ishuke.

Mlioniuliza kama tunaweza kuleta viinitete vya Murrah tukawapandikiza ng'ombe wetu au mbogo, hapana. Murrah ana kromosomu 50, mbogo wetu 52, ng'ombe 60, mimba ya namna hiyo haifiki popote, lazima mpokeaji awe nyati wa kufugwa. Faida ya kozi kwetu ni mkono na jicho. Ukishajifunza kwa mnyama mgumu hivi, kurudi kwa Friesian wa Rungwe au Njombe unaona umepewa likizo, na ile tabia ya kupima kila mpokeaji kwa altrasaundi kabla hujayeyusha mrija wa laki kadhaa naianza wiki hii hii hata mteja akinuna kwamba namcheleweshea.

Kama unataka kwenda, nenda kati ya Oktoba na Februari, nyati wanapopanda kwa asili yao. Kozi za Mei na Juni bei inakuwa poa kwa sababu kuna joto linalopita nyuzi 40 na nyati wenyewe wamegoma. Kabla hujalipa waombe kwa maandishi idadi ya wanyama kwa kila mwanafunzi, wakizunguka zunguka kujibu achana nao. Walioajiriwa serikalini waulizie nafasi za ITEC, serikali ya India inalipia kozi fupi za aina nyingi kwa watu wa nchi zetu, siyo lazima uuze ndama kama mimi. Anayehoji kama sijaanza uhamilishaji wa mwezi huu, nimeanza, piga simu mapema, ila mpokeaji wako nitampima kwanza.