Lone Wolf and Cub ya 1987 au Akira ya 1988?

Manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, zilipoanza kuuzwa Marekani kwa Kiingereza kama vijitabu vya kila mwezi, hizi mbili zilishika njia tofauti kabisa. First Comics ilianza kutoa Lone Wolf and Cub mwaka 1987, nyeusi na nyeupe kama ilivyochorwa Japani, ila majalada ya mwanzo yalichorwa na Frank Miller, jina lililokuwa tayari likiuza. Mwaka uliofuata Epic, tawi la Marvel, ikaleta Akira ya Katsuhiro Otomo, ikiwa imetiwa rangi kwa kompyuta na Steve Oliff.

Rangi hizo ndizo zinazobishaniwa. Mimi nazipenda: jiji la usiku lenye taa kila kona linazibeba vizuri. Lakini wino wa mchoraji Goseki Kojima kwenye Lone Wolf, uliokwaruzwa kama kwa brashi iliyoanza kukauka, ungezama chini ya rangi.

Kosa wamegawana. Kurasa ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kuanzia kushoto, basi samurai wa Lone Wolf, Ogami Itto, anavaa upanga kiunoni upande wa kulia na kupigana kwa mkono wa kushoto. Kwenye Akira hulioni upesi. Kwenye Lone Wolf linakera.

Anayetaka kufika mwisho achukue Akira: matoleo 38, ingawa la mwisho lilichelewa hadi 1995. First Comics iliishia toleo la 45, hadithi haijafika hata nusu. Wasomaji walisubiri mchapishaji mwingine, Dark Horse, mpaka mwaka 2000.