TAHADHARI: wakala anayekuomba hela ya ITC (hati ya mchezaji kuhamia nchi nyingine) ni tapeli, wenye vijana wa mpira someni hapa

Jamani naomba msome mpaka mwisho, hasa wenye watoto wanaocheza ndondo na akademi, sisi tumepigwa mwezi uliopita na huyo mtu bado yupo hewani anatafuta wengine.

Mpwa wangu ana miaka 16, winga, mguu wa kushoto kajaliwa kweli. Baada ya mechi moja jamaa akamfuata, kavaa trakisuti nzuri, akasema yeye ni wakala wa FIFA akaomba namba ya mama. Wiki haikuisha ikaingia barua WhatsApp eti klabu ya Uturuki inamwita dogo majaribio ya wiki 2. Hapo ndo hela zikaanza, kwanza laki 3 ya kufungua faili FIFA, ikaja laki 6 ya viza, mwisho akapiga usiku anasema ITC imekwama na dirisha la usajili linafungwa Ijumaa, inatakiwa laki 9 leo leo la sivyo nafasi anapewa mtoto wa mwenzio. Dada akauza friza lake la barafu, ndo lilikuwa linalisha nyumba lile, akatuma. Ijumaa simu haipatikani. Begi la dogo mpaka leo liko juu ya kabati na viatu ndani.

Mimi barua nimeonyeshwa hela ishaondoka na hilo ndo linaniuma. Nembo ya klabu imevutwa mpaka imekuwa bapa, imeili ni ya Gmail, halafu chini kuna muhuri wa FIFA. FIFA haigongi muhuri kwenye barua za majaribio za klabu!

Sasa hili la ITC lishikeni vizuri maana ndo wanalotumia, tunalisikia redioni kila dirisha la usajili ila wengi hatujui linavyokwenda. Ile ni hati ya uhamisho wa kimataifa, mchezaji haiombi wala mzazi hailipii. Klabu inayosajili inaingiza taarifa kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni ambao ni lazima tangu 2010, shirikisho la kule linaomba, TFF, shirikisho letu la mpira, wanaitoa. Wewe mzazi huingii kabisa humo. Na mtu anayeenda majaribio tu hajasajiliwa na klabu ya kule, ITC ya nini sasa?

Na umri pia. Sheria za FIFA kifungu cha 19 zinakataza mchezaji chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa mambo machache kama wazazi wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira, au wale wa 16 mpaka 18 wanaohama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi (EEA). Barcelona, na ukubwa wote ule, 2014 ilifungiwa kusajili madirisha 2 kwa kosa la kusajili watoto wa nje kinyume cha sheria hiyo. Kwahiyo ukiambiwa mwanao wa miaka 16 anaenda kusaini Uturuki peke yake, hapo hapo kata simu.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, toka 2023 wanafanya mtihani, na leseni ni ya mtu mwenyewe siyo kampuni, huyu wetu alituonyesha cheti cha kampuni tukaona kinang'aa tukaamini. Majina yapo kwenye tovuti ya FIFA mtu yeyote anatafuta, lake tumelitafuta halimo. Kwa mtoto anatakiwa aanze na ruhusa ya mzazi kwa maandishi kabla hajamwambia dogo chochote, na kamisheni yake inatoka kwenye mshahara mchezaji akishaanza kulipwa, siyo kwenye friza la mama yake.

Polisi tumeenda, RB (namba ya taarifa yetu pale kituoni) tunayo. Kama kuna mtu kakufuata na habari za Uturuki njoo inbox kabla hujatuma hata mia, barua yake ninayo nikutumie ulinganishe na yako.