Uzoefu wangu: waya mpya wa spidi kwenye Land Rover 109, Tanga

Nyota nne kati ya tano. Waya huu, unaozunguka ndani ya kava (ganda lake la nje) na kuiendesha saa ya spidi, hauna kasoro. Nyota niliyoipunguza ni ya ufungaji.

Gari ni Land Rover Series III, 109. Kwenye kilomita 30 kwa saa mshale ulikuwa unacheza kati ya 15 na 45, ukipita 60 unatulia. Mchezo wa namna hiyo karibu kila mara ni wa waya, si wa saa ya spidi yenyewe. Waya wa ndani ukikauka au ukiwa na kona hukwama, hujisokota, kisha huachia kwa mkupuo, na mshale hufuata. Mwendo ukizidi, mikupuo inakaribiana mpaka haionekani. Saa ifunguliwe pale waya ukiwa umeshapimwa na ni mzima, kilomita zinahesabu sawasawa, na mshale bado unayumba. Mshale ukisoma juu mno, shuku grisi au oili iliyopanda ikaingia ndani ya saa, kati ya sumaku inayozungushwa na waya na kikombe cha aluminiamu kinachobeba mshale. Sumaku hukivuta kikombe hicho bila kukigusa, kwa hiyo chochote kinachonata hapo kinamburura mshale. Matairi yasiyo 7.50-16, saizi ya kawaida ya gari hili, yatakudanganya mwendo, ila hayachezeshi mshale.

Kabla ya kununua, chomoa waya wa ndani, uufute, uulaze juu ya meza iliyo sawa na uuviringishe kwa kiganja. Ukirukaruka, una kona, na waya wenye kona haunyooshwi. Wangu ulikuwa na kutu shubiri nzima upande wa chini, nyuzi mbili zimekatika na kusimama kama miiba. Kwa gari linalolala Raskazone, na upepo wa bahari ule, sikushangaa.

Sasa ufungaji. Fundi aliujaza grisi mwanzo hadi mwisho, kosa la gereji nyingi. Nyuzi za waya zimesokotwa kama skrubu, hivyo ukizunguka grisi inaweza kupanda hadi kwenye saa. Niliuchomoa tena, nikauosha kwa mafuta ya taa, nikaukausha, nikaupaka grisi nyepesi kwa vidole, kisha sentimita 20 za juu nikazifuta kwa kitambaa. Hapo pasiwe na grisi ya ziada kabisa.

Pima pia ncha ya juu: waya wa ndani utokeze kama milimita 10 nje ya kava. Ukizidi sana unaisukuma saa kwa ndani na kuila taratibu. Ukipungua, ncha haishiki vizuri na mshale unakatika katika. Huu mpya ulitokeza sawasawa, na ndiyo sababu kubwa ya kuusifu.

Njia ya kava ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kona yoyote isiwe kali kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 15, na sentimita 5 za kwanza kutoka kila kiungio ziwe zimenyooka. Usiuache karibu na ekzosi. Fundi alikuwa ameubana kwa klipu mpaka kava likabonyea. Kuilegeza tu kulipunguza nusu ya mtikisiko.

Chini, waya unaingia nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Ukichomoa ncha ya zamani ukaikuta imelowa oili, badilisha kwanza sili na ringi ya mpira ya pale kwenye pinion (gia ndogo inayouzungusha waya), la sivyo waya mpya utaloa vilevile. Mimi nilikuta imelowa. Sili ni bei ndogo kuliko waya, na maduka ya spea huiuza peke yake, lakini peleka ya zamani uwaonyeshe.

Nimejaribu kwenye barabara ya Muheza nikilinganisha na GPS ya simu: kwenye 40 na 60 mshale umetulia, unapishana kilomita mbili hivi. Chini ya 10 bado unatetemeka kidogo. Saa za aina hii hufanya hivyo, nami sijaigusa.