Kisanduku cha kuunda chumba kidogo: nilivyokitumia hapa Lamu

Nianze na hukumu yangu: kisanduku hiki kinafaa sana kwa anayetaka kujifunza kuunda vyumba vidogo vya mapambo. Anayetaka pambo la kuweka sebuleni kwa miaka, hasa akiwa anakaa pwani, nitamwambia asubiri kwanza asome mpaka mwisho.

Nilikiagiza mtandaoni kwa shilingi elfu tatu na ushee. Ni cha aina inayouzwa sana siku hizi: mbao nyembamba zilizokwisha kukatwa kwa mashine, makaratasi yaliyochapwa picha za vitabu na marumaru, vitambaa, waya, shanga na taa za LED. Ukiunganisha vyote unapata duka la kahawa la Ulaya lenye rafu za vitabu. Kipimo chake ni 1:24, yaani sentimita 24 za kitu halisi zinakuwa sentimita 1. Kikombe cha kahawa ni kidogo kuliko punje ya mbaazi.

Mzigo wa Lamu mnaujua wenyewe: Nairobi, basi mpaka Mokowe, halafu boti. Kilifika salama, hakuna ubao uliovunjika. Gundi na betri hazimo, na si kwamba umeibiwa. Wauzaji wengi huziacha kwa sababu ya masharti ya kusafirisha kwa ndege vitu vya majimaji na betri. Gundi nyeupe ya seremala niliipata Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, na betri bapa ya CR2032 kwa fundi saa.

Maelekezo yana maandishi ya Kichina, lakini picha zinajitosheleza.

Sasa uzuri wake. Kisanduku hiki kinafundisha mikono. Huwezi kukifanya kwa haraka, kwa hiyo utake usitake unajifunza utulivu. Gundi hutaitia kutoka kwenye chupa: unaidondosha kidogo kwenye kifuniko, unachovya ncha ya kijiti cha meno, unagusa ukingo wa ubao, kisha unashika kipande kwa kibano na kukituliza mpaka kishike. Gundi ikizidi, inatokeza pembeni na kuacha alama inayong'aa ambayo rangi haiifichi. Viti ni vya waya unaoukunja kwa koleo ndogo kufuata mchoro, na kila mguu lazima ulingane na mwenzake, la sivyo kiti kinacheza. Vitabu vinakunjwa kimoja kimoja. Nilipofika kwenye rafu ya mwisho vidole vyangu vilikuwa vimeshajua kazi, na hiyo ndiyo thamani ya zile pesa.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hakikutengenezwa kwa hewa yetu. Msimu wa kusi ulipoingia, karatasi za ukutani zilianza kuvimba na kubanduka kwenye pembe. Waya za viti zilipata kutu, maana chumvi ya bahari haina simile. Dawa yake ni kupaka karatasi na waya rangi ya kucha isiyo na rangi kabla ya kuunganisha chochote, nyuma na mbele. Ubao nao upige msasa laini kisha upake vanishi. Ukifanya hivyo mapema, hali inakuwa tofauti kabisa.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kilichofuata. Duka lile la kahawa nililikamilisha, nikaliwasha taa, nikaliangalia, nikaona halinihusu. Ninaishi katika mji wa kale ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nimezungukwa na nyumba za mawe ya matumbawe, na mezani kwangu nimeweka dirisha la Ulaya. Nikaamua kuunda ndani ya nyumba ya Kiamu.

Nilibadilisha kipimo kuwa 1:12, ambacho ndicho wapenzi wengi wa kazi hii duniani wanakitumia. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyoko kwenye kasri la Windsor, iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ni ya kipimo hicho, na ina maji yanayotiririka na umeme. Mmarekani Narcissa Thorne naye alitumia hichohicho kwa vyumba vyake vidogo 68 vilivyoko kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Vingi ni vya Ulaya na Marekani. Nilipotazama picha zake nilitamani zidaka zetu, vile vishubaka vya ukutani, ziwe humo.

Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita 3 au pungufu. Kwa 1:12 hiyo ni sentimita 25 tu, chumba kinakaa vizuri juu ya meza. Boriti yenye unene wa sentimita 12 inakuwa sentimita 1, na hapo vijiti vilivyonyooka vya mhina vinatosha kabisa, ukivibambua gome na kuvikausha kivulini.

Zidaka ndizo zilizonipa raha kuliko vyote. Nilimimina jasi kwenye sinia bapa, nikangoja ishikane ila isikauke, kisha nikachonga vishubaka kwa msumari ulionolewa, safu juu ya safu. Wakati wa kuchonga ni mfupi. Ikiwa mbichi mno kingo zinabomoka, ikikauka inapasuka. Ukiotea wakati wake, msumari unaingia bila sauti na vumbi halitoki. Kiti cha enzi nilikichonga kwa mabaki ya mkangazi kutoka kwa fundi wa milango, na mgongo wake nikausuka kwa uzi wa cherehani. Mkeka ni ukindu uliochanwa kwa sindano.

Mamangu mkubwa alikuja kuangalia. Aliinama akatazama muda mrefu, akagusa zidaka, akacheka kwa furaha. Kisha akauliza, "Na birika la chooni je, mwanangu? Samaki wake wako wapi?"

Alikuwa na haki. Katika nyumba za zamani birika la maji, yaani tangi la kujengwa, lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake bakuli la kaure limejengewa sakafuni ili maji yakipungua samaki wasikose pa kukaa. Nikaongeza choo pembeni. Bakuli ni la jasi lenye maua ya buluu. Maji ni gundi nyeupe iliyotiwa safu nyembamba moja baada ya nyingine, kila safu ikauke mpaka iwe angavu. Samaki ni vipande vya karatasi ya fedha ya sigara, nao wamo katikati ya safu. Hakuna mgeni aliyepita asiinamie birika lile.

Kwa hiyo, ninunue nisinunue? Kama hujawahi kushika kibano, nunua, na uchague chenye chumba kimoja, usianze na ghorofa. Watoto wadogo wasiachiwe peke yao, kuna wembe na shanga. Kama tayari unajua kukata na kubandika, pesa hizo tia kwenye kibano kizuri, msasa, jasi na koleo ndogo, kisha pitia karakana za wachonga milango na waunda mashua ndogo uombe mabaki. Mimi sijawahi kunyimwa. Cha pili sinunui. Nikihitaji kitu cha kiwandani ni taa tu, na hizo zinauzwa peke yake.